Mapambo ya Krismasi kwa vitu vya shambani na pwani: mwongozo kamili kuanzia kukausha mpaka kutundika

Wapendwa, kama mwaka huu unataka mapambo ya Krismasi ya asili anza mapema, usisubiri tarehe 20. Kila mwaka naulizwa swali lilelile, dada ulitumia gundi gani, rangi gani, na mimi jibu langu ni moja, gundi sio ishu, ishu ni ukavu. Hapa Tanga hewa ina unyevu muda wote, mwezi wa 11 vuli inanyesha, kitu ukikiangalia unaona kimekauka kumbe ndani bado kina maji, ukikitundika sebuleni wiki haiishi kimeota ukungu au wadudu wameanza kutoka. Mwaka wangu wa kwanza nilitundika vipande vya machungwa vilivyokaa juani siku 2 tu, tarehe 23 asubuhi nakuta vina manyoya ya kijani na sisimizi wamejipanga kutoka dirishani mpaka kwenye uzi. Nikatupa vyote. Tangu hapo kazi naigawa hivi, wiki 3 za kukusanya na kukausha, jioni 2 za kutengeneza, na majani mabichi yanaingia mwisho kabisa, siku 3 au 4 kabla ya sikukuu.

Ntaeleza kwa vitu vya huku kwetu kwa sababu ndio navijua, pwani ya Tanga na milima ya Lushoto kwa bibi. Ukiwa Moshi, Njombe au Mombasa badilisha tu, utaratibu ni uleule.

Cha kukusanya

Usianze na mchoro kichwani alafu ukaenda kutafuta vitu, anza na kilichoanguka karibu na wewe. Pwani una vifuu, makumbi, ufagio wa chelewa, na zile tunda ndogondogo za mvinje ambazo zinaonekana kama koni za paini zilizopunguzwa mpaka zikawa na ukubwa wa ncha ya kidole. Hizo za mvinje zipo chini ya mti kibao, jaza mfuko, utashangaa jinsi zinavyotumika. Ufukweni okota pia vijiti vilivyotupwa na bahari, vile vyepesi vilivyopauka, ila ukifika nyumbani vilaze kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha na ubadilishe maji mara 2, chumvi ikibaki itakuwa inavuta unyevu kila siku na kijiti hakitakauka hata ukianike mwezi mzima.

Mjini angalia mjakaranda, maganda yake ya duara bapa yanayopasuka katikati kama mdomo, na ule mkrismasi wa maua mekundu, una maganda marefu meusi, mengine yanafika karibu nusu mita, ukiyatikisa yanalia. Mtoto ukimpa hilo ganda hutalipata tena.

Milimani kuna koni za paini. Kule Shume, Lushoto, kuna shamba kubwa la miti la serikali, kuna paini na saipresi. Shamba la serikali usiingie kukata wala kuokota bila ruhusa, ongea na wenye shamba au tafuta mtu mwenye paini zake kijijini, wapo wengi na koni kwao ni takataka tu.

Katani (hii usiikose) nenda kwenye maduka ya vifaa vya jipsam, mafundi wanaichanganya kwenye plasta, wanauza zile singa ndefu nyeupe kwa kilo. Robo kilo ni nyingi sana kwa nyumba moja. Mkonge wenyewe asili yake Meksiko, Mjerumani Richard Hindorf ndie alileta miche mwaka 1893, miche 1,000 ikasafiri kutoka Florida na iliyofika hai ilikuwa 62, na kilimo cha mkonge cha huku kwetu kilianzia kwenye hizo. Mimi nikiichana katani mezani mwezi wa 12 huwa nalikumbuka hilo, imezoea kwetu kuliko sisi wenyewe.

Kwenye kabati la jikoni chukua karafuu, vijiti vya mdalasini, iliki. Sokoni machungwa. Shambani majani makavu ya mgomba na maganda ya shina lake, yale yanayoning'inia yenyewe, usikate mabichi.

Kukausha, hapa ndio penye kazi

Koni, maganda na tunda za mvinje: kwanza zikung'ute nje, alafu zisugue na brashi kavu kutoa udongo. Ukiwa na oveni weka nyuzi 100, tandaza kwenye trei, dakika 40, usiondoke jikoni kwa sababu koni ina utomvu na utomvu unashika moto. Huo moto unafanya kazi 2, unaua mayai ya wadudu na unafungua magamba ya koni.

Ambao hamna oveni, na ndio wengi wetu, fanya kama unavyooka keki ya mkaa. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini kama sentimita 2, vijiwe 3 juu ya mchanga, trei au sahani ya bati juu ya vijiwe, koni juu ya trei. Mkaa mchache chini, na mfuniko uache upenyo kidogo mvuke utoke. Usiweke mkaa juu ya mfuniko kama unavyofanya kwenye keki, utaziunguza. Saa 1 inatosha.

Sasa kuna kitu watu wa Lushoto na Mufindi watakutana nacho. Paini iliyopandwa sana huko ni ile patula, majani yake yanalegea kama nywele, na koni zake zinabaki zimefungwa kwenye tawi miaka hata mitatu minne, hazifunguki kwa jua la kawaida maana utomvu umegandisha magamba, zinangoja joto kali. Kwahiyo ukiokota koni ngumu iliyobana usidhani ni mbovu. Itumbukize kwenye maji yanayochemka dakika 1 mpaka 2 utomvu uachie, itoe, ianike mpaka maji yaishe, ndio uipeleke kwenye sufuria la mchanga. Utaisikia inapasuka taratibu, tik, tik, na mbegu zenye kibawa zinadondoka. Kumbuka pia kwamba koni yoyote ikipata unyevu inajifunga tena, ikikauka inafunguka, ndio ilivyoumbwa. Ikijifunga siku ya mvua wala usiwe na wasiwasi.

Vitu ambavyo havivumilii moto, mfano maganda ya mgomba, katani au maua, viweke kwenye mfuko uliofungwa vizuri, friza siku 3, alafu vitoe uvianike kivulini. Hiyo inatosha kwa wadudu.

Vifuu: kwangua nyuzi za nje kwa kisu, piga msasa mkali kisha msasa laini, paka mafuta ya nazi kidogo sana kwa kitambaa. Kinang'aa rangi ya kahawa iliyokolea, vanishi haihitajiki kabisa.

Bogenvilia kata matawi mafupi yenye maua yaliyokomaa, ning'iniza kichwa chini chumbani penye giza na upepo siku 7 hivi. Yale mekundu na zambarau yanashika rangi vizuri kwa sababu yalivyo ni kama karatasi tangu mwanzo.

Machungwa

Hapa ntakaa kidogo maana ndio yanaharibika kwa watu wengi. Machungwa yetu ya Muheza ni matamu lakini ganda lake ni la kijani hata likiiva, usiku wa huku hauna baridi ya kutosha ya kuondoa ile kijani. Kwa hiyo ukiona picha za watu wa Ulaya na vipande vya rangi ya chungwa tupu usije ukadhani umekosea, cha kwetu kikikauka ganda linakuwa la kahawia lenye kijani kwa mbali na ndani rangi ya asali, na ukikitundika mbele ya taa kinawaka kama kioo cha kanisani. Mimi nakipenda kuliko hicho cha picha.

Chagua chungwa gumu, sio lililoiva sana, likiwa na maji mengi litakusumbua. Kata kwa kisu chenye meno, mviringo, unene wa nusu sentimita, usikate nyembamba ukidhani litakauka haraka, litajikunja na kupasuka. Toa mbegu kwa ncha ya kisu. Bana kila kipande katikati ya vitambaa 2 safi ubonyeze kwa kiganja maji yatoke, badilisha kitambaa kikilowa. Hatua hii watu wanairuka na ndio inayookoa masaa.

Oveni nyuzi 90 mpaka 100, juu ya wavu wa chuma kama unao, mlango ubaki wazi kidogo, geuza kila baada ya saa 1, jumla masaa 3 mpaka 4. Kwa sufuria la mchanga ni hivohivo, mkaa mdogo mdogo, ukiona kingo zinaanza kuwa nyeusi punguza mkaa. Kipande kimeiva pale ukikigusa hakinati, kikiwa cha moto kinapinda kama ngozi na kikipoa kinakuwa kigumu.

Kutumia jua peke yake inawezekana ila uwe na jua kweli. Tandaza kwenye neti ya zamani uliyoikaza kwenye fremu ya mbao, iinue kutoka chini upepo upite pande zote, funika na neti nyingine kwa ajili ya nzi, saa 10 jioni ingiza ndani kabla umande haujaanza. Siku 5 mpaka 6 mfululizo. Mvua ikikukatiza siku ya pili usibahatishe, malizia jikoni. Mimi huwa naanza na joto la jiko masaa 2 alafu namalizia juani, gesi inapungua na rangi inabaki nzuri. Ndimu na malimau ni hivohivo.

Ukimaliza, weka kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na mchele mkavu uliokaangwa kidogo bila mafuta, kiganja kimoja, unanyonya unyevu mpaka siku ya kutundika. Mchele huo usiupike, mwagia kuku.

Nyota ya chelewa

Hii ndio ya kuanza nayo na watoto. Ufagio mpya wa chelewa, fungua, loweka vijiti maji ya uvuguvugu saa 1 visivunjike. Kata vyote urefu wa sentimita 30. Tengeneza vifungu 5, kila kifungu vijiti 4 au 5, funga kila ncha kwa uzi wa katani.

Laza vifungu 2 vikutane juu kama paa la nyumba, funga pale juu. Cha tatu kitoke mguu wa kushoto wa paa kipande kuelekea juu kulia. Cha nne kitoke mguu wa kulia kipande kuelekea juu kushoto. Cha tano kilale, kiunganishe hizo ncha 2 za juu zilizobaki. Tayari una nyota. Funga kwanza zile ncha 5 za nje, isukume kwa mikono mpaka ikae sawa, ndio ufunge sehemu 5 za ndani ambapo vifungu vinapishana. Ukifunga za ndani mapema nyota itakaa upande na hairekebishiki. Iache ikauke ikiwa imelala chini ya kitabu kizito usiku mmoja. Ndogo za sentimita 10 zinatundikwa kwenye mti, kubwa ya nusu mita inakaa mlangoni, ukiizungushia taa ndogo usiku jirani atakuja kuuliza.

Taji la mlangoni

Fremu: waya wa kufungia nondo, zungusha mara 4 kwenye mdomo wa ndoo kubwa, upate duara la kama sentimita 30, usokote ncha kwa plaizi na uzikunje kwa ndani zisichome mtu. Zungushia makumbi au majani makavu ya mgomba mpaka unene ufike kama mkono wa mtoto, huku unakaza na uzi wa katani kila baada ya vidole 2. Kama una mpasheni unaopogolewa, hiyo mitambaazi ikiwa bado mibichi isokote yenyewe kwa yenyewe iwe duara, funga sehemu 4, iache ikauke wiki 2, hutahitaji waya.

Koni usiibandike kwa gundi peke yake, kwenye joto la mwezi wa 12 ile gundi ya fimbo ya kuyeyusha kwa umeme inalegea mlango ukipigwa na jua la mchana, koni zinaanguka moja moja. Pitisha waya mwembamba kwenye mstari wa chini wa magamba, uzungushe koni nzima, sokota, mikia 2 inayobaki ndio unafungia kwenye taji. Kipande cha chungwa toboa karibu na ganda, sio katikati, katikati patachanika. Mdalasini funga vijiti 3 pamoja. Tunda za mvinje ni ndogo, hizo ndio zinabandikwa, gundi nyeupe ya mbao inatosha ukiipa usiku mzima.

Kupanga: usieneze vitu sawasawa kuzunguka duara lote, litafanana na tairi. Jaza upande mmoja wa chini, kama nusu ya duara, vikubwa kwanza, vya kati, alafu vidogo vya kuziba mapengo, na sehemu iliyobaki iache tupu ionekane makumbi yalivyosukwa. Kila baada ya vitu vitatu simama mbali uangalie.

Wanaofanya taji la Majilio la mezani, lenye mishumaa 4 ya Jumapili 4 kabla ya Krismasi, fremu ni hiyohiyo ila inalala. Desturi hiyo inatajwa kuanza Hamburg mwaka 1839, mchungaji Johann Hinrich Wichern aliweka mishumaa kwenye gurudumu la mkokoteni kwa ajili ya watoto maskini aliokuwa anawalea, maana walikuwa wanamuuliza kila siku Krismasi lini. Bibi yangu Lushoto alikuwa anatumia vifuu 4, kila kimoja kimejazwa mchanga na mshumaa umechomekwa katikati, na mpaka leo sijaona njia bora zaidi, nta haimwagiki na moto ukifika chini unazimwa na mchanga. Vifuu vikae nje ya duara, visiguse makumbi. Makumbi yanashika moto haraka sana, ndio maana watu wanawashia majiko. Mshumaa hauachwi peke yake hata dakika 1.

Katani, karafuu na vitu vya haraka

Katani ichane kwa kitana cha meno makubwa mpaka ilainike. Chukua fungu nene kama kidole gumba, likunje katikati, funga uzi sentimita 2 chini ya mkunjo, una kishada. Ukichukua fungu la pili jembamba ukalipitisha kwa mlalo chini ya hiyo shingo na kulifunga, una malaika mwenye mabawa. Ncha zikate sawa kwa mkasi. Zitundike 10 kwenye kamba moja, katikati weka machungwa na mdalasini, dirisha limekwisha.

Chungwa zima la karafuu: toboa ganda kwa msumari mwembamba kwanza, vidole vitakushukuru, chomeka karafuu zikibanana, usiache nafasi, alafu ligaragaze kwenye mdalasini wa unga. Likae penye upepo, ligeuze kila siku. Kwa unyevu wa pwani lile lililochomekwa kwa mistari tu ya urembo linaoza, lililojazwa lote linasinyaa na kuwa gumu na linanukia miezi.

Mti

Tawi la mvinje ni zuri sana, ila mivinje ya ufukweni ndio inayoshika mchanga, usikate, omba kwa mtu anayepogoa uani kwake. Saipresi ya uzio nayo hivohivo, mwenye uzio anapunguza kila mwaka. Ndoo, mawe chini, mchanga, mwagia maji mpaka ulowe, chomeka tawi ulilolikata upya kwa mshazari, ongeza maji kila asubuhi. Likianza kupukutika litoe nje, mvinje mkavu na saipresi kavu ni kama petroli, na usiweke mshumaa karibu, tumia taa za umeme zisizotoa joto.

Chumba kidogo? Chukua vile vijiti vya bahari 9, cha kwanza sentimita 80, kila kinachofuata kifupi kidogo mpaka cha mwisho sentimita 10. Funga kamba 2 za katani, moja kila upande, kama ngazi inayopungua kuelekea juu, nafasi ya sentimita 10 kati ya kijiti na kijiti, tundika kwenye msumari mmoja. Huu ndio mti wangu wa kila mwaka, naukunja kama mkeka.

Vya kuacha kabisa

Zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi ni nzuri kwa macho lakini ni sumu kali, mtoto akiitafuna ni hatari ya kifo, na kuzitoboa upate shanga ndio kunaitoa sumu. Mbegu za mbarika, yaani nyonyo, nazo ni sumu, usizilete ndani. Mnyaa una utomvu mweupe unaounguza macho, usikate tawi lake kwa sababu tu lina umbo zuri. Mikoko usiguse. Na rangi ya dhahabu ya kupuliza, kama lazima, pulizia nje na kwenye vichache, koni iliyopakwa huwezi tena kuichoma wala kuirudisha shambani.

Sikukuu ikiisha, machungwa na majani mabichi yaende kwenye shimo la mbolea. Koni, nyota, vifuu na katani zianike jua kali la kaskazi siku 2, hilo la mwezi wa kwanza linakausha kweli, zipange kwenye boksi ulilotandika gazeti, nyunyiza karafuu kavu kiganja kimoja mende wasisogee, funga, weka juu ya kabati na sio chini ya kitanda ambako sakafu inapumua unyevu.